Gunia la Marehemu

Mtu mmoja alikuwa na gunia moja la mbegu za mahindi, akafa. Akamwachia mkewe, Tumpale, gunia hilo na watoto wa kulisha. Mvua zilikuwa karibu, na dumuzi, wale wadudu watoboao nafaka, walishaingia guniani. Ukitega sikio unawasikia wanavyotafuna.

Desturi ya ukoo ule ilikuwa hii: mbegu za marehemu hazifunguliwi mpaka ndugu zake wakubaliane. Ndugu walikuwa wawili. Wakaitwa, wakaja.

Mkubwa, Anyosisye, alikuja na dawa ya unga ya dukani. Dawa ile iliua kweli. Dumuzi aliyeguswa hakuamka. Lakini msimu uliopita, katika shamba lake mwenyewe, ilipenya mpaka kwenye kiini cha mbegu, na mahindi yakaota yamejipinda, magunzi yana mapengo. Hilo hakulisema. Mdogo, Ambakisye, alikuja na kibuyu cha maji ya majani yaliyopondwa, ya mti uliokuwa nyuma ya jiko la mama yao. Maji yale hayakuwahi kuua dumuzi hata mmoja. Naye hilo hakulisema.

Wakaketi mlangoni kwa mjane, wakaanza.

"Mbegu za kaka unataka kuzinywesha mchuzi wa mboga?"

"Bora mchuzi. Wewe unataka wanawe wale sumu."

Tumpale akawaletea togwa. Wakanywa, wakapata nguvu ya kuendelea. Ndani, dumuzi nao waliendelea.

Mwisho Tumpale akasema, "Shemeji zangu, kwani lazima kimoja kifukuze kingine? Tuziloweke kwanza kwenye maji ya majani, zikauke, ndipo tupake dawa. Tujaribu konzi moja tu."

"Dawa yangu ipimwe pamoja na majani?" akauliza Anyosisye.

"Majani ya wazee hayapimwi," akasema Ambakisye.

Ndiyo mara ya kwanza kukubaliana siku ile. Na walichokubaliana, jamani, ni kutojaribu.

Tumpale hakuligusa gunia. Lakini dumuzi walikuwa wamelitoboa, na punje zilikuwa zikidondoka sakafuni. Akajiambia kwamba kilichodondoka hakimo guniani. Akaziokota zilizo nzima, akachota kidogo dawa na maji ya majani waliyokuja nayo shemeji zake, akazigawa: nyingine akazipaka dawa tupu, nyingine akazilowesha maji ya majani tupu, nyingine akazilowesha kwanza, zikakauka kivulini, ndipo akazipaka dawa. Akawatia dumuzi humo humo, akasubiri, kisha akapanda zilizobaki katika vyungu vibovu.

Za majani tupu ziliishia tumboni mwa dumuzi. Za dawa tupu zilisalimika na dumuzi, zikaota zimejikunja. Zile zilizokingwa kwa majani kabla ya dawa, dumuzi wake walikufa, na miche mingi ilisimama wima. Si yote. Mingi.

Akakibeba chungu cha miche hiyo mbio mpaka mlangoni, walikokuwa bado wanabishana. Ndugu wale wakakiinamia.

"Umeona? Dawa yangu imeua," akasema mkubwa.

"Na bila majani yangu ingeotaje?" akasema mdogo.

Wakaanza upya: miche ile ihesabiwe ni ya nani. Tumpale akaweka chungu chini. "Shemeji, fungueni gunia kwanza. Sifa mtagombania mvua ikishapita."

Hawakufungua. Mvua ilinyesha wakiwa bado wanabishana, na majirani wakatoka na majembe. Siku walipokubaliana hatimaye, mkubwa akakata kamba kwa heshima zote, mdogo akashika mdomo wa gunia, na ukamwagika unga wa vumbi mpaka kwenye viatu vyao. Tumpale akapanda miche ya chungu kimoja. Watoto walikuwa wakimtazama, wakijua haitatosha.

Ninyi madaktari na waganga mnaokaa vikao kupima nani ni wa kisasa na nani ni wa kienyeji, huku mgonjwa anameza dawa inayomponya na kumjeruhi kiini kwa pamoja: mnachokilinda hasa ni mwili wake, au ni viti vyenu?