Nyumba ya Nguchiro Ilikuwa Wapi?

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa nyumba!
Nani aliiona?
Aliyelowa nje!

Haya, sogeeni, na wewe unayesinzia kaa vizuri. Hapo kale Nguchiro alijijengea nyumba. Akachimbia nguzo, akafunga fito, akakandika udongo, akaezeka nyasi. Hata jasho halijamkauka, na masika yanakaribia, huyooo Ngiri, puu, puu, puu! Pembe nje, tumbo mbele. Akaingia, akajilaza, akasema nyumba imempendeza, Nguchiro na wanawe watafute pengine.

Maskini Nguchiro! Apigane na Ngiri kwa meno gani? Akaita majirani. Kwao ilikuwa mila: neno lililosemwa mbele ya majirani, mguu ukiwa kizingitini, halirudi kinywani. Akamwomba Ngiri kwa adabu aweke mguu, aseme kipi ni cha nani.

Ngiri akauweka, ti! "Nyumba ni yangu. Kisicho nyumba, beba."

Akarudi kulala, akafumba macho, akawa anatafuna viazi vya mwenyewe. Nguchiro akabeba chungu. Akabeba mkeka. Kisha akashika mlango.

"Mjomba, mlango ni nyumba?"

"Mlango ni ubao tu, mjinga wee."

Akaubeba, kriki, kriki.

"Nyasi je, mjomba, ni nyumba?"

"Nyasi ni nyasi."

Akazibeba, fyaa, fyaa. Akauliza udongo, akaambiwa ni udongo. Akaubomoa, puku, puku. Akauliza fito, akaambiwa ni vijiti. Akazifungua, kacha, kacha. Ngiri anaona raha kweli kuulizwa kama mwalimu.

Lakini Nguchiro naye, aliyeanza kwa hila, sasa moyo ulikuwa unamwuliza. Kila alichokigusa si nyumba. Basi jana alilala ndani ya nini?

Akang'oa nguzo nazo, moja baada ya nyingine, hata ikabaki moja. Tone la mvua likamdondokea Ngiri puani, to! Akaruka, akaikumbatia ile nguzo.

"Hii! Hii ndiyo nyumba!"

Majirani wakatazamana. Nguchiro akasema taratibu, "Basi ingia ndani, mjomba, utalowa."

Ngiri akaizunguka nguzo, akaizunguka tena, akitafuta pa kuingilia. Neno lake limeshatoka, atalirudishaje?

Majirani wakamsaidia Nguchiro kubeba. Ng'ambo ya kilima wakachimbia nguzo, moja mpya badala ya ile ya Ngiri, wakafunga fito, wakakandika, wakaezeka kabla mvua haijachanganya. Watoto wakakimbilia ndani wakisema wamerudi nyumbani.

Nguchiro akabaki nje, anaitazama. Imerudi saa ngapi? Imekuja na ufito upi? Alizihamisha zote kwa mikono yake na hakuiona ikipita. Mvua ikamshukia, chwaa, naye bado anawaza.

"Mama," wanawe wakamwita, "ingia ndani, unalowa."

Hadithi yangu nimeiegemeza hapo. Ikianguka, msiseme niliijenga mimi. Na funzo lake, wanangu, ni kwamba duniani hakuna kitu kinachoitwa nyumba, ni fito na udongo tu. Haya, wingu hilo, kila mtu akimbilie kwake.