Kitanda cha Bi Pimbi Kilivyozidi Uzito

"Masikio yenu yako wapi?"
"Yako hapa!"
"Na usingizi?"
"Tumeufungia nje!"

Haya, sogeeni.

Alikuwapo Bi Pimbi, mjane mwenye watoto wengi na miguu mifupi. Watoto walipokua, kitanda chao cha mianzi kikakosa kazi. Akakipiga picha, akakiuza mtandaoni. Mama Kanga wa ng'ambo ya bonde akakipenda, akalipa bei, akalipa na usafiri. Fisi, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, akaja na pikipiki, purrr, akakinyanyua kwa mkono mmoja huku anapiga mluzi. Kitanda kikafika. Bi Pimbi akanunua unga, akashukuru, akasahau.

Mara simu, ti-ti! "Mzigo wako ulizidi uzito. Lipa nyongeza, la sivyo tunakuja kuchukua jiko."

Jiko lenyewe lilikuwa hilo hilo moja, na watoto hawali unga mbichi.

Bi Pimbi akapiga simu. Ngriii, ngriii. "Wahudumu wetu wote wana shughuli, tafadhali subiri." Akasubiri mpaka salio likaisha. Akaenda ofisini, kweche, kweche, akapanda kilima. Fisi akasema, "Mhusika hayupo, njoo kesho." Akarudi. Akaenda tena, kweche, kweche. "Mtandao unasumbua, njoo kesho." Akarudi. Akaenda tena. "Kesho, mama." Nyayo zikawaka moto, kiuno kikagoma. Hata hasira hakuwa nayo tena. Alitaka kukaa chini tu.

Alipokwenda tena ofisini akakuta foleni ya mbuzi, kila mmoja na bili yake ya nyongeza. Zamu yake ilipofika, akashika ukingo wa dirisha asianguke.

"Bwana Fisi, kitanda changu kilikuwa kizito kiasi gani?"

"Kizito mno! Kama mbuzi watatu!"

"Sema kwa sauti, baba, masikio yangu yamechoka."

"MBUZI WATATU!" Fisi akanguruma. "Nimewabeba mwenyewe. Mgongo unaniuma mpaka leo!"

Mbuzi wakasimamisha masikio.

"Nakuamini, bwana mkubwa," akasema Bi Pimbi. "Ila mimi nilikupa mianzi mitupu, na Mama Kanga amepokea mianzi mitupu. Sasa hao mbuzi watatu uliowabeba njiani ni akina nani? Na walishukia wapi?"

"Mee?" akasema mbuzi wa mbele.

"Kaka yangu hajaonekana tangu sikukuu," akasema wa nyuma yake, akasogea.

Pembe zikaanza kugonga ukuta. Ko! Ko! Ko!

Fisi akazitazama, akarudi nyuma. "Aa... mizani ilikosea."

"Andika."

Akaandika. Akagonga mhuri, puu! HADAIWI. Halafu, bila kuulizwa, akagonga na bili za mbuzi wote. Puu, puu, puu!

Mbuzi wakashangilia, wakataka kumbeba Bi Pimbi juu juu hadi nyumbani. Akakataa.

"Niacheni nitembee. Nani ajuaye mtanitoza nini?"

Akashuka kilima, kweche, kweche. Watoto wakamkimbilia mlangoni. "Mama, umeshinda?"

"Nimeshinda," akasema, akaegemea ukuta, akalala hapo hapo amekaa. Hakuna aliyekula jioni ile.

Funzo, wanangu, kwa maneno ya Fisi: ukidaiwa usichodaiwa, lipa upesi wala usibishe, kwa maana mwenye mizani hakosei kamwe.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka kwake, na aibebe mwenyewe.