Fundi wa Magoli Mawili

Sogeeni, na mwenye kikohozi akohoe sasa hivi, maana mimi nikianza sipendi kukatizwa.

Mvua ilisahau njia ya kurudi, msimu wa kwanza na wa pili. Mito ikakauka, majani yakawa yanavunjika ukiyagusa tu, na katika pori zima likabaki dimbwi moja, lile la kwenye miamba. Asubuhi maji yake yalikuwa yametulia, safi, ukichungulia unajiona sura. Jioni, kwato zote zikishapita, yalikuwa tope tupu, na mnywaji alifumba macho kwanza.

Sasa nani anywe asubuhi na nani anywe jioni? Simba alikuwa mkuu wa vyuo vyote vya pori, tena hapendi kuulizwa jambo mara mbili. Alitingisha manyoya ya shingo, akatoa amri.

"Vyuo vicheze mpira. Wa chuo kitakachoshinda wanywe asubuhi. Wengine jioni. Nimesema mimi Simba."

Kisha akalala.

Vyuo vyenyewe vilikuwa viwili. Chuo cha Nyikani walisoma wenye kwato na vifua vipana. Chuo cha Kichakani walisoma wadogo wadogo, akina kobe, kanga na digidigi. Msimu wa kwanza Kichakani walifungwa, wakanywa tope mpaka vifaranga wa Bi Kanga wakaumwa matumbo. Sungura, ambaye hata angekatwa masikio yote mawili asingeacha kuishangilia Kichakani, aliapa kwamba safari hii tope halinywi tena, wala watoto wake hawalinywi.

Washabiki wa Kichakani walikuwa na kijiwe chao kwenye kichuguu, na kila alasiri walikutana hapo kubishana. Jamani, walikuwa wanaujua mpira wale! Kwa mdomo.

"Mwaka huu tunawachapa," alisema Bi Kanga, na sauti ya Bi Kanga mnaijua, haihitaji ngoma. "Digidigi wetu akiwatoka pale pembeni, nani wa kumkamata?"

"Upepo," alijibu Sungura. "Hamuoni alivyokonda? Jana kapiga chenga, kaanguka mwenyewe."

"Lile goli la mwaka wa nzige lilikuwa la kuotea," akasema Mzee Kobe.

"Mzee wangu, goli hilo tulishalizika na matanga tukaanua."

"Nyinyi mlizika. Mimi ndiyo kwanza nafika kwenye ubishi. Niacheni nibishe."

Lakini la Digidigi lilikuwa kweli. Mchezaji ana njaa. Washabiki walichangishana njugu, viazi na asali ili timu ile ishibe kabla ya mechi, na chakula kile hakikufika hata kwenye pua ya mchezaji mmoja. Kilipita kwa Fisi.

Fisi alikuwa ametokea siku moja pale kichuguuni, amevaa shanga shingoni, anatembea taratibu kwa kujisikia. Alipokiona chungu cha mchango, aliketi karibu nacho kuliko mtu yeyote.

"Mnawalisha wachezaji?" alicheka. "Maskini! Ndiyo maana mnafungwa. Mpira hauchezwi kwa miguu siku hizi, unachezwa na ufundi." Akashusha sauti. "Nyikani wana dawa, ndugu zangu. Nipeni chungu hiki nikifukie chini ya goli lao, halafu mje mnishukuru. Lakini iwe siri. Atakayetamka neno, ulimi utamvimba."

Mshabiki aliyefungwa sana huwa haoni aibu kuamini chochote. Chungu kikaenda. Wiki ya pili kikaenda kingine, kwa kuwa dawa ya kwanza, Fisi alisema, ilikuwa inamwita mwenzake. Wachezaji wakaendelea kutafuna mizizi, na Fisi akazidi kung'aa mashavu.

"Fundi," Sungura alimuuliza siku moja kwa upole, "mbona sisi wote mbavu zinaonekana, halafu wewe shanga hazikutoshi shingoni?"

"Dawa ina uzito, mwanangu. Naubeba mimi ili nyinyi mpone."

"Oo. Pole kwa mzigo, Fundi."

Sungura alicheka mbele za watu, lakini alirudi nyumbani na uchungu. Zile njugu alizitoa kwenye akiba ya watoto wake. Angezila Digidigi, asingesema neno. Alijua tumbo la Fisi halijapata kufunga goli hata moja, ila angethibitishaje? Kichuguuni walikuwa wameshampenda fundi wao kuliko kocha.

Jioni akaenda dimbwini kunywa tope la zamu yake, na humo ndani akamkuta Ngiri anagaragara.

Huyu Ngiri alikuwa mshabiki wa Nyikani na mtani wa Sungura tangu utotoni. Asubuhi alikunywa maji safi pamoja na washindi wenzake, na jioni akarudi kuoga katika maji ya walioshindwa. Ndivyo alivyo Ngiri.

"Mtani," alisema Sungura, "umekuja kututilia viungo?"

"Nimekuja kuwazoesha. Mtayanywa haya msimu mwingine tena."

"Kwa timu ipi? Kipa wenu Punda Milia akiuona mpira anafumba macho. Kocha wenu kila siku analala. Hata fundi hamna, jamani. Mnatia huruma."

"Nani kakwambia fundi hatuna?" Ngiri alifoka. Papo hapo akajiziba mdomo kwa kwato zake zenye tope.

Sungura akamsogelea, akamchungulia mdomoni. "Haujavimba," alisema.

"Nani… nani kakwambia utavimba?"

Wakatazamana.

"Fundi wenu," Sungura aliuliza taratibu, "anapenda asali?"

"Na njugu," Ngiri alinong'ona.

"Mgongo umeinamia nyuma? Anacheka hata pasipo cha kuchekesha?"

"Mtani!" Ngiri aliruka kutoka topeni. "Niachie! Naenda kumpasua sasa hivi!"

"Tulia wewe. Ukimpasua leo, kesho wenzako watasema umehongwa na Kichakani. Nikisema mimi, watasema nimehongwa na ngiri. Tangu lini mimi na wewe tukakubaliana jambo na watu wakaamini? Mwache, atajisema mwenyewe. Hebu niambie, mpira una vipindi vingapi?"

"Viwili. Hata hilo hujui? Ndiyo maana mnafungwa."

"Na kipindi cha pili kikianza, timu zinafanya nini?"

"Zinabadilishana ma…" Ngiri alibaki kinywa wazi, na safari hii hakukumbuka kukiziba.

Kesho yake kichuguuni, Sungura alipiga goti mbele ya Fisi. "Fundi, mimi mjinga, nieleweshe. Chungu chetu umekifukia goli la kaskazini, watakalolinda Nyikani, ili lifungike kirahisi. Vizuri. Lakini baada ya mapumziko tunabadilishana magoli. Goli lile litakuwa letu. Si tutafungwa na dawa yetu wenyewe?"

Bi Kanga alipiga yowe. Mzee Kobe aliingiza kichwa ndani akakiacha humo.

Fisi alikodoa macho. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuona kipindi cha pili maishani mwake, maana wakati wa mapumziko huwa anazunguka kuokota makombo, na akianza haachi. Kichwa chake hakikupata jibu. Tumbo likalipata.

"Ndiyo maana kuna chungu cha mapumziko!" alisema. "Pale pale uwanjani nakifukua kile cha zamani, nakihamishia goli la pili, na juu yake naweka kipya. Kikubwa kuliko vyote mlivyotoa."

"Mbele ya watu wote, Fundi?"

"Mbele ya watu wote," alijibu Fisi, udenda umeshaanza kumtoka.

"Basi hicho kipya tutakileta siku hiyo hiyo. Tusikupe mapema, dawa isije ikapoa."

Hilo Fisi hakulipenda, lakini asali ni asali, akakubali. Na mchana ule ule, upande wa pili wa pori, Ngiri alipiga goti mbele ya fundi wa Nyikani, akauliza swali lile lile kuhusu goli la kusini, akapewa jibu lile lile, na udenda ule ule.

Siku ya mechi pori zima lilihamia uwanjani. Simba aliketi juu ya mwamba, ubavu mmoja ukitazama watu ili wausifie. Kila upande ulileta chungu chake kimejaa pomoni, ukakificha nyuma ya mashabiki. Fisi yeye aliketi katikati ya uwanja, kwenye mstari, pasipo upande wa mtu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha huzuni. Digidigi alikimbia hatua chache akashika kiuno. Nyikani nao, na vifua vyao vyote, walikuwa hoi vile vile, kwa sababu na wao chakula chao kilikuwa kimekwenda kwa fundi. Ulioshiba uwanjani ni mpira peke yake. Korongo akapuliza filimbi ya mapumziko, hakuna goli.

"Fundi!" alipaza Bi Kanga kutoka upande wa Kichakani. "Hamisha!"

Fisi alinyanyuka akitabasamu, akaanza kwenda kaskazini.

"Fundi!" wakanguruma Nyikani upande wa pili, Ngiri akiwa mbele yao. "Hamisha!"

Kichakani wote wakasimama.

"Fundi wenu nani?" aliuliza Bi Kanga.

"Huyo hapo! Fundi wetu!"

"Wenu wapi? Wetu!"

Fisi alipiga hatua moja kwenda kaskazini. Akarudi moja kwenda kusini. Miguu ya mbele ilitaka huku, ya nyuma ikataka kule, na yeye mwenyewe alitaka vyungu vyote viwili. "Ndugu zangu," alisema, jasho likimtiririka, "dawa ni moja, ila… ila ina matawi."

"Dawa gani uwanjani kwangu?" alinguruma Simba. "Fukueni!"

Ngiri alizamisha meno yake goli la kusini, udongo ukaruka. Sungura na wenzake wakachimba kaskazini. Kaskazini hawakukuta kitu ila mdudu mmoja wa mavi aliyekasirika kuamshwa. Kusini kikatoka chungu kitupu, kimelambwa mpaka kinang'aa, na ndani yake ganda moja la njugu.

Sungura akakimbilia kusini, akakiinua juu watu wakione. "Tusimlaumu fundi, jamani. Kazi kaifanya. Goli hakulifunga, lakini chungu kakimaliza!"

Vicheko vilitoka pande zote mbili, vya aibu na vya hasira. Fisi naye akacheka, kwa mazoea tu.

"Na lile paja langu la nyati nililompa?" aliropoka Simba.

Kila kichwa kikageuka kumtazama. Simba alikohoa, akainua macho kutazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Hakuna aliyethubutu kumuuliza. Sungura alilaza masikio yake polepole, akaliweka jambo lile akiba.

Vikabaki vyungu viwili vilivyojaa. "Sasa hivi tuvifukie wapi?" aliuliza Bi Kanga.

"Hapa," alisema Sungura, akagusa tumbo la Digidigi lililobonyea. "Hii ndiyo dawa ya kipindi cha pili. Kuleni, na nyinyi Nyikani walisheni wenu, tuone mpira."

Na walionekana watu wa mpira siku ile! Digidigi aliyeshiba aliwatoka mabeki watatu, akampitishia Punda Milia katikati ya miguu, Bi Kanga akapoteza sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Nyikani wakasawazisha dakika za mwisho kwa kichwa. Korongo akamaliza, bao moja kwa moja. Ubishi ukaanza pale pale, na Mzee Kobe akasema hata hili lilikuwa la kuotea.

Lakini amri ya Simba haikuwa na neno sare. Wakamgeukia. Simba hakupenda kuonekana ana pengo katika amri yake, akajibu haraka:

"Sare maana yake wote mmeshindwa. Wote jioni. Nimesema."

Sungura akapiga hesabu. Vifaranga wa Bi Kanga, watoto wake mwenyewe, wote wangerudi kwenye tope, na maji safi ya asubuhi yangebaki ya Simba kujitazamia sura. Akasogea hadi chini ya mwamba, akainama.

"Tumesikia, Bwana Mkubwa, na tunashukuru. Neno moja dogo tu kabla hatujatawanyika, kuhusu lile paja la…"

"Asubuhi!" alinguruma Simba, manyoya yamesimama. "Nimesema wote asubuhi! Hamna masikio? Jioni ni zamu ya Fisi, peke yake!"

"Masikio tunayo, Bwana Mkubwa," alisema Sungura. "Makubwa tu."

Kesho yake alfajiri vyuo viwili vilikunywa bega kwa bega, wakitukanana timu kati ya funda na funda, na maji yakawatosha. Jioni Fisi alikuja peke yake, akakuta Ngiri yumo ndani anagaragara, anamtilia viungo.

Tangu hapo kuna msemo, na wengi wakiusikia hudhani Fisi alipotelea njia panda porini. Porini wapi! Alikuwa uwanjani, mchana kweupe, goli huku na goli kule, na tumbo lake katikati. Njia mbili zilimshinda fisi.