Posa Tatu na Mikanda ya Misukule

Hapo zamani, si zile zamani za fisi kuvaa kanzu, bali zamani za mikanda ya video, ile myeusi iliyorudishwa kwa kidole ikikwama, palikuwa na msichana pale Muheza, jina lake Mwantumu. Mwantumu alikuwa na ugonjwa. Msimhurumie bado, ngojeni niutaje. Alipenda filamu za misukule na wala watu.

Wenzake walililia filamu za mapenzi, yeye alizichekea maiti. Msukule akitoka kaburini anachechemea na jicho moja, Mwantumu hoi. Wala watu wakimkimbiza mtalii aliyejitakia mwenyewe kupotea msituni, Mwantumu anajipiga mapaja, machozi yanamtoka. Alipiga mayowe kwa hofu, kisha akacheka kwa vile alivyopiga mayowe.

Mchumba wake wa kwanza aliyaona hayo siku moja tu. Alisema, "Huyu ana shetani," akaondoka, hata viatu akasahau. Mtaa mzima ukacheka, na Mwantumu akacheka nao, lakini kicheko kile kilimuuma. Tangu hapo aliogopa kitu kimoja duniani, na wala si msukule. Aliogopa kuolewa katika nyumba ambamo atacheka peke yake.

Basi, mwaka mmoja zikaja posa tatu kwa mpigo. Baba yake, Mzee Kibwana, akachanganyikiwa.

"Mwanangu, washenga watatu wamejaa barazani kwangu wanamaliza kahawa. Wote wanataka jibu wiki hii hii. Sema unamtaka nani, nipate pa kukaa."

"Baba, nitawajuaje hao watu kwa maneno ya washenga? Kazi ya mshenga ni kusifu. Hata mvivu atakwambia ni mpole. Waje wenyewe, tuangalie filamu. Asubuhi mpaka alasiri, mkanda juu ya mkanda. Atakayekaa nami mpaka filamu ya mwisho iishe, huyo ndiye mume wangu."

Mzee Kibwana akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Kisha akakumbuka kwamba yeye ni baba. "Sawa. Lakini shangazi yako atakaa katikati."

Shangazi mwenyewe ni Bi Mwajabu, mwanamke wa maneno machache na masufuria makubwa.

Siku ikafika. Madirisha yakazibwa kwa mablanketi, na mlangoni likatundikwa blanketi jingine, zito kuliko yote. Chumba kikawa giza totoro mchana kweupe, imebaki televisheni tu, ile ya chogo, inang'aa kule mbele. Mkeka ukatandikwa. Akaketi Mwantumu, akaketi Bi Mwajabu, na ng'ambo ya Bi Mwajabu wakaketi wanaume watatu.

Wa kwanza ni Mbwana, fundi cherehani, mtu wa sauti ya chini. Wa pili ni Mhando, mwenye bucha sokoni. Wa tatu ni Chande, mkwezi wa minazi, anayepanda mnazi mrefu kuliko yote Muheza huku akiimba, na akifika juu anapiga soga na walio chini. Nani asingemwona Chande ndiye jasiri wao?

Mkanda wa kwanza ukaingia. Kaburi likapasuka, misukule wakatoka.

Mbwana akavuta kofia mpaka kidevuni. Mhando akatazama. Chande akatoka mbio.

Alipita mlangoni, akavuka ua, akaukwea mnazi wa Mzee Kibwana mpaka kileleni. Washenga barazani wakainua macho, kisha wakarudi kwenye kahawa yao. Lakini kabla hawajamaliza kikombe, Chande huyo, ameshuka, anahema, anajipenyeza tena mkekani.

"Yule mwenye koti jekundu amefika kwenye gari? Hajaliwa? Sogeeni basi, sogeeni!"

Mwantumu akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Wewe Mbwana," akauliza, "umelala?"

"Nipo, binti Kibwana," ikajibu kofia. "Sauti zote nazisikia."

"Na wewe Mhando?"

"Mimi natazama. Ila ile si damu. Damu haina rangi ile. Ile ni nyanya ya kopo."

Mkanda wa pili ukaingia. Misukule wakavamia harusi, wakamtafuna bwana harusi kabla ya keki. Mbwana akavuta kofia. Mhando akatazama. Chande akatoka mbio, na mnazi ukatikisika tena, na tena akarudi.

"Bibi harusi je? Amepona?"

"Amegeuka msukule!" Mwantumu akamjibu kwa furaha.

"Maskini! Na shela lake lile!"

"Na mkono haukatwi pale," akasema Mhando taratibu. "Pale pana mfupa. Angeanzia kwenye kiungo."

Mkanda wa tatu ulikuwa wa wala watu, na hapa ndipo Bi Mwajabu alipofanya kosa la ukarimu. Alikuwa hafuatilii filamu, yeye akili yake ilikuwa jikoni. Wala watu wakachochea moto chini ya chungu, na Bi Mwajabu naye akainuka, akarudi na mabakuli ya supu ya makongoro inayofuka moshi. Makongoro yenyewe yanatokeza, kwato juu.

Jamani, mkwe hakatai chakula cha ukweni. Kukataa ni kusema umekuja kudharau. Kule mbele watu wanatafuna, na huku mbele ya kila mmoja pana bakuli.

Mbwana akanywa chini ya kofia, kijiko baada ya kijiko, machozi yakimdondokea kwenye supu, na akaimaliza yote. Mhando akala, akanyonya mfupa, akaomba nyingine. Chande akatoka mbio na bakuli lake mkononi, akarudi nalo tupu, akaapa amekula. Paka wa jirani alionekana baadaye amelala chali uani, tumbo kama ngoma.

Ukabaki mkanda wa mwisho, na huo ulikuwa na vyote viwili, misukule wanaokula watu na watu wanaokula misukule. Mwantumu alikuwa ameusubiri siku nzima. Bi Mwajabu naye alikuwa amejimegea kongoro lake la mwisho. Filamu ikapanda, ikapanda, ikakaribia ukingoni. Wamebaki watu wawili tu, mume na mke, na mlango unasukumwa, unasukumwa...

Umeme ukakatika.

Giza. Kimya. Na katikati ya giza lile, ikasikika sauti. "Khhhh! Khhhhooo!" Kisha mkono, mkono wa baridi wenye mafuta, ukamshika Mwantumu begani.

Mwantumu alipiga mayowe ambayo washenga waliyasikia, na safari hii hayakufuatwa na kicheko.

Sasa sikilizeni vizuri, maana yote yalitendeka kwa mpigo mmoja.

Mbwana, ambaye siku nzima alikuwa gizani mwake na kuzijua sauti za misukule moja moja, akasema kwa nguvu, "Hiyo si filamu! Huyo ni shangazi! Mfupa umemkaba!"

Chande, ambaye alishaanza mbio zamani, akajisokota katika blanketi la mlangoni, akaling'oa na misumari yake, akatoka nalo kichwani. Mwanga wa jua ukamwagika chumbani, na Bi Mwajabu akaonekana, macho yamemtoka, mikono kooni.

Mhando hakuuliza. Aliruka, akamwinamisha, akampiga mgongoni kwa kiganja chake cha bucha, panapostahili hasa. Kifupa kikaruka, kikagonga kioo cha televisheni, kling!

Bi Mwajabu akavuta pumzi. Mwantumu akamkumbatia, akalia kweli, kwa maana shangazi huyu ndiye aliyemlea. Naye Chande, ambaye kutoka kileleni alikuwa ameona yote kupitia mlango ulio wazi, akashuka na dafu, akalipasua, akamnywesha mgonjwa.

Mzee Kibwana akaingia, washenga wote watatu nyuma yake. Alipojua dada yake yu mzima, akasema, "Haya. Nani alikaa mpaka mwisho?"

"Mimi," akasema Mbwana, akivua kofia kwa mara ya kwanza. "Ninaogopa filamu hizi kuliko kifo, Mzee, lakini sikuinuka mkekani hata mara moja. Binti Kibwana alitaka mtu wa kukaa naye, nami nimekaa. Na kama nisingekaa nikisikiliza, shangazi angedhaniwa msukule mpaka akakata roho."

"Kukaa si kuangalia," akasema Mhando. "Yeye aliangalia kofia. Mimi ndiye niliyetazama kila kitu alichotazama binti Kibwana, na nikala kila nilichopewa. Na mfupa ule haukutoka kwa kusikilizwa."

"Ulitazama, ndiyo," akasema Chande, "lakini ulicheka lini? Ulitetemeka lini? Mimi nimekimbia, sikatai. Ila kila nilipokimbia, nani alinirudisha? Hakuna aliyenishika mkono. Nilirudi kwa miguu yangu, kwa sababu nilitaka kuona na yeye. Na bila mbio zangu mngempiga shangazi mgongoni gizani, au mngempiga usoni?"

Washenga wakaanza kubishana, kila mmoja akisifu wake. Mzee Kibwana akamgeukia dada yake. "Mwajabu, wewe ndiye shahidi. Sema."

"Msiniulize mimi," akajibu Bi Mwajabu kwa sauti ya kukwaruza. "Nimeokolewa na watatu, na koo linaniuma."

Mwantumu aliwatazama mmoja mmoja. Aliwaza nyumba ya Mbwana, ambamo hataachwa hata siku moja, ila atakuwa anaisimulia kofia. Akawaza nyumba ya Mhando, ambamo hatakosa wa kumwokoa, lakini kila msukule ataambiwa ni nyanya ya kopo. Akawaza nyumba ya Chande, nyumba ya kicheko, ambayo lazima ijengwe karibu na mnazi. Na kwa mara ya kwanza tangu mchumba yule asahau viatu, hakuwa na hofu.

Mara umeme ukarudi. Mkanda wa video hauna haraka, unakusubiri pale pale ulipouacha. Mwantumu akatundika upya blanketi la mlangoni, akabonyeza kitufe, na kule mbele mume na mke wakaendelea kuegemea mlango unaosukumwa. Filamu ya mwisho ilikuwa bado haijaisha!

Mwantumu akaketi mkekani. Bi Mwajabu, kwa mara ya kwanza siku ile, hakukaa katikati. Alijisogeza pembeni, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

Mwantumu hakugeuka. Macho yake kwenye televisheni, midomo ikimcheza kwa kicheko, akaipigapiga nafasi ile kwa kiganja, akasema, "Njoo, unapitwa."

Hakutaja jina. Na nyuma yake, wanaume watatu wakainua mguu kwa pamoja.

Haya, enyi mlionisikiliza, mmoja alikaa bila kutazama, mmoja alitazama bila kuogopa, na mmoja aliogopa, akakimbia, akarudi. Nafasi ni moja, na mlango kule mbele umeshaanza kupasuka. Je, nani alistahili kuketi?