Masanduku Matatu ya Pampu Moja

Chungu hakijali jiwe ni kubwa au zuri kiasi gani. Likiwa peke yake, kitapinduka tu na mchuzi utanywewa na majivu. Wazee walilijua hilo kabla serikali haijajua kutoza ushuru, lakini akina mama watatu wa Kitengela walilazimika kwenda mpaka bandari kavu ili walikumbuke.

Mwaka huo kiangazi kilikaza kamba. Ng'ombe wa Seleyian, mama Kisemei, walikuwa mbavu zinazotembea. Sukumawiki za Namalwa, mpangaji aliyetoka Bungoma, zilijikunja kama ngozi iliyosahauliwa juani. Florence, mwenye hoteli ya chapati kando ya barabara, aliosha sahani kumi kwa maji ya sahani moja. Waliocheka ni wenye magari ya kuuza maji, maana kiu ya wengine ndiyo shamba lao. Ahadi ya mfereji ilikuja kila uchaguzi na kuondoka na vipaza sauti vyake. Ndipo watatu hao wakaunda kikundi, wakachimbisha kisima kirefu kiwanjani mwa kanisa, kisha wakaagiza ng'ambo pampu ya kuvuta maji kwa nguvu za jua.

Kuhusu kuagiza kwa jina moja, Seleyian alikataa katakata. Kumbukumbu yake ilikuwa ndefu kama safari ya Loitokitok. Zamani, kikundi chao cha kwanza kilinunua kinu cha kusaga mahindi. Jumapili moja, watu wakiwa kanisani, mwekahazina alikipakia kwenye lori, akayeyuka kama chumvi majini.

"Safari hii kila mtu na chake," alisema. "Pampu ije kwa jina langu. Paneli za jua, Namalwa. Kile kisanduku cha kuongoza umeme na vyuma vya kusimamishia paneli, Florence. Tuone nani atatoroka na kipande kisichovuta maji!"

Wenzake walicheka, lakini walikubali. Kila mmoja alikuwa na mwizi wake wa kukumbuka.

Mzigo ulipofika bandari kavu, ulipokewa na afisa wa forodha aliyeitwa Opiyo, mwanamume mwembamba mwenye sauti ya mwalimu wa kwaya. Aliuainisha kama alivyouona: masanduku matatu, wenyewe watatu, bidhaa mbalimbali. Pampu na paneli zilitozwa ushuru mwepesi. Lakini vyuma na kisanduku, vikihesabiwa peke yake, vilitozwa mpaka Florence akaketi chini.

"Tukilipa hii, pesa ya mabomba imeisha!" alilia. "Tutarudi kwa magari ya maji na kisima tukiangalie tu kama kaburi."

"Mama, sheria iko wazi," Opiyo alisema. "Mashine ikija kwa vipande, na vipande vyote vinafanya kazi moja, tunaitoza kama mashine moja, hata ikiwa kwa masanduku ishirini. Lakini hapa niko na watu watatu. Mtu akiniletea vyuma, mimi natoza vyuma."

"Na unafikiri ni vyuma vya nini? Vya kugeuza chapati?"

"Sijui, mama. Ni vyako."

Namalwa akasonga mbele. "Afisa, jua ndilo hilo, na pipa la maji liko pale. Fungua sanduku zote ujionee mwenyewe."

Kukagua mizigo ilikuwa kazi yake, basi Opiyo akakubali. Pampu ya Seleyian ilitumbukizwa pipani, ikakaa kimya kama jiwe. Paneli za Namalwa zikametameta bure. Kisanduku cha Florence hakikutoa hata mlio. Kisha Lemein, fundi waliyekuja naye, akaviunganisha vyote. Pampu ikanguruma, mpira wa maji ukaruka kama nyoka aliyekanyagwa, na maji yakamlowesha Opiyo toka kifuani hadi viatuni.

"Wee mayi!" Namalwa akashika mdomo. "Tumeogesha serikali!"

Wapakizi walipiga makofi, Florence akapiga vigelegele. Opiyo mwenyewe alicheka huku akikamua tai yake.

"Nimeona. Mashine ni moja," alisema. Kisha akawatazama mmoja mmoja. "Wenyewe je?"

Vigelegele vikakatika.

"Hamjalipa bado, kwa hivyo inaweza kurekebishwa," aliendelea. "Mzigo wote uandikwe kwa jina la kikundi. Lakini kila mmoja lazima aachilie chake."

Seleyian aliitazama pampu ikidondosha maji. Akaliona tena lile lori na vumbi lake. Lakini safari hii akaona na jambo alilokuwa amelizika kwa miaka: hakuna aliyelifuata. Kila mwanamke alifunga mlango, akalia kivyake. Si kwamba mwizi hakuweza kukamatwa. Ni vile tu hakufukuzwa.

"Leteni kalamu," alisema. "Mimi ndiye niliyewatenganisha, mimi nitaanza. Lakini Florence, ukitoroka na hii pampu, nitakufuata mpaka Loitokitok kwa miguu."

"Nitoroke nayo nikiibeba mgongoni kama mtoto?"

"Usijali, mama Kisemei," Namalwa akadakia. "Akitoroka, tutamfukuza pamoja."

Seleyian akacheka mpaka shanga zake zikalia, akaweka sahihi. Wenzake wakafuata. Ushuru ukahesabiwa upya, wa mashine moja, na pesa ya mabomba ikapona.

Siku maji yalipopanda, ng'ombe walisukumana kwenye birika la saruji mpaka Kisemei, mwana wa Seleyian, akachoka kuwachapa. Dereva wa gari la maji alipita akipiga honi. Hakuna aliyegeuka, isipokuwa Florence, aliyempungia mkono kama anayemuaga msafiri wa mbali. Kisha akainjika sufuria kubwa ya chai pale kiwanjani. Ikayumba. Seleyian akainama, akasukuma jiwe la tatu mahali pake, na sufuria ikatulia.

"Sasa wekeni sukari," alisema, na siku hiyo hakuna aliyethubutu kubisha kwamba jifya moja haliinjiki chungu.