Uvungu wa Lijsterlaan

Wewe unayesoma, usijitie hamnazo. Uliuona ufa kwenye ukuta wa jirani ukageuza shingo. Uliusikia mlango wake ukigoma kufunga, ukasema ni unyevu wa msimu. Siku nyumba ile itakapolala chini utakuwa wa kwanza kufika na maua, na wa kwanza kuapa kwamba hukujua. Ulijua. Wahenga walikufahamu kabla hujazaliwa, ndiyo maana wakasema mficha uchi hazai: mwenye kuona haya kufunua kinachomsumbua hatampata wa kumsaidia, na haja yake itamfia tumboni. Kama unadhani maneno hayo yanawahusu wanawake walioshikwa na uchungu peke yao, sikiliza yaliyomfika mkunga.

Marloes Ruiter alikuwa mkunga katika mji mmoja wa Uholanzi uliojengwa juu ya matope. Huko bado wapo akina mama wanaojifungulia nyumbani, naye aliwafuata kwa baiskeli, mkoba wa kazi ukiwa umefungwa nyuma ya tandiko. Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, akitoka kumpokea mtoto aliyekuja na kelele za watu kumi, alikata kona asiyoizoea akajikuta katika mtaa uitwao Lijsterlaan.

Alishuka kwenye baiskeli bila kujua kwamba ameshuka. Safu mbili za nyumba za matofali mekundu zilitazamana kama wazee waliokwisha kusameheana. Katikati ulipita mfereji mwembamba, bata wamelala juu yake vichwa vikiwa mbawani. Miti mirefu ilikuwa imechanua maua madogo yenye harufu ya asali, na mwanga uliochujwa na majani ukawa wa kijani, ukitikisika juu ya kuta kana kwamba mtaa mzima umezama taratibu ndani ya maji matulivu. Madirisha yalikuwa makubwa na hayakuwa na mapazia. Ndani ulimwona paka, ukaona vitabu, ukamwona mtu akipaka siagi mkate wake. Watu wa huko husema asiye na la kuficha hana haja ya kitambaa dirishani.

Mbele ya nyumba ya katikati palisimama kibao: inauzwa.

Marloes aliishi na baba yake, Mzee Evert, katika chumba cha kupanga darini. Ngazi za pale zilisimama wima kama ukuta, na magoti ya mzee yalikuwa yamebaki bandarini alikobeba magunia maisha yake yote. Tangu Pasaka hakuwa ameugusa udongo.

"Baba, nimeiona nyumba."

"Wewe kila siku unaziona nyumba. Zenyewe zimekuona?"

"Ina chumba cha kulala chini. Unafungua mlango, unapiga hatua moja, uko bustanini."

Mzee alizungusha kikombe chake. "Kuna miti?"

"Miti inachungulia dirishani."

"Haya," alisema. "Basi nitafia nje, kama binadamu."

Dalali alikuwa kijana mwenye viatu vyeupe na meno meupe kuliko viatu. Marloes alizungukazunguka naye huku masikio yake yakisikiliza ndege. Hata hivyo jicho lake la kazi liligundua jambo.

"Mbona mlango huu umerandwa mshazari hapa chini?"

"Dada, hii nyumba ina karne nzima. Haina haki ya kupinda mgongo kidogo? Wewe hutapinda?" Alicheka, naye Marloes akacheka. "Nikushauri kama ndugu. Wanaoitaka wamejaa. Pandisha bei yako, tena usiweke sharti la mkaguzi kwenye mkataba. Ukilitia hilo, umejitoa mwenyewe."

Tazama maajabu hayo. Katika nchi ile mtu hainunui baiskeli kuukuu kabla hajaizungusha magurudumu yote mawili na kuivuta breki. Lakini nyumba, mzigo atakaoulipia mpaka uzee, hununuliwa kwa macho yaliyofumbwa, kwa sababu wenzake wote wamefumba. Marloes alifumba. Sheria ilimpa siku tatu za kujuta baada ya kutia saini. Alizimaliza akipanda waridi akilini mwake.

Mwaka wa kwanza ulipita kama ndoto ya mchana. Mzee Evert alikaa chini ya mti wake, maua yakimdondokea begani. Jirani wa ukuta mmoja, Bi Dieuwke Vonk, mwalimu mstaafu, alileta keki ya tufaha. Bwana Gijs wa nyumba ya mwisho alileta ngazi, akaisafisha mifereji ya paa bila kuombwa. Marloes alirudi kazini amechoka, akafungua geti, uchovu ukabaki nje kama mbwa asiyeruhusiwa kuingia.

Kisha ikaja kiangazi kikavu. Bata walihamia kwenye tope. Majani yakaanza kuanguka mwezi wa Agosti.

"Mwanangu," Mzee Evert aliita asubuhi moja, "kitanda changu kinakwenda kuposa kwa Bi Dieuwke."

Marloes alicheka, mpaka alipoona magurudumu ya kitanda yameacha alama sakafuni, yakielekea ukutani. Juu ya mlango ulikuwapo ufa unaoweza kumeza kidole.

Katika nyumba za huko, nyuma tu ya mlango wa mbele, chini ya zulia la kufutia viatu, huwapo kifuniko cha mbao cha kuteremkia uvunguni mwa nyumba. Alilikunja zulia, akainua kifuniko, akashuka na tochi aliyozoea kuwatazamia akina mama. Alitambaa juu ya mchanga mkavu mpaka chini ya ukuta wa pamoja. Pale alikuta shimo. Halikuwa limechimbwa na panya. Kingo zake zilikuwa zimezuiwa kwa mbao, vizuri, kwa mkono wa fundi. Chini kabisa ilionekana ncha ya mojawapo ya nguzo za mbao zilizopigwa ardhini zamani ili kuibeba safu nzima. Nguzo hizo huishi karne nyingi zikiwa ndani ya maji. Zikiachwa wazi kwenye hewa, huoza. Marloes aliibonyeza kwa kidole gumba. Kidole kilizama kama kwenye keki ya juzi.

Akajua mambo mawili kwa pamoja: nyumba yake inakufa, na kuna mtu aliyekwisha kulichungulia jeneza lake akalifunika.

Nani aliyakausha maji hayo? Yapo majina. Miaka ya nyuma wakubwa wa mamlaka ya maji waliyashusha maji ya mfereji ili ng'ombe wa watu fulani wasilowe kwato. Walisaini, wakapigiwa makofi, wakastaafu, wakaenda kuishi kwenye ardhi ya juu isiyojua nguzo. Wao wamesahau. Mbao haikusahau.

Jumapili ile Bi Dieuwke alikuwa anasherehekea siku yake ya kuzaliwa. Viti vilipangwa duara, kama desturi ilivyo, na kila aliyeingia aliwapa mkono wote: hongera kwa siku ya mama yako, hongera kwa siku ya jirani yako. Vipande vya jibini vilizunguka na haradali. Marloes alipofikiwa, alisema, "Hongera, Bi Dieuwke. Nilishuka uvunguni."

Duara zima liliacha kutafuna.

"Kula jibini, mpenzi," Bi Dieuwke alisema taratibu.

"Mlikuwa mnajua?"

"Funga dirisha," Bwana Gijs alimwambia mtu. Kisha akageuka. "Sikiliza, mkunga. Nyumba sita, safu moja, nguzo zimeshikana kama vidole vya mkono. Hakuna fundi atakayeitengeneza moja peke yake. Na ukishalitamka jambo hili, hakuna atakayenunua hata kitasa chetu. Mimi naonyesha yangu Jumamosi. Funika kombe mwanaharamu apite."

"Na anayenunua?"

"Wewe ulinunua. Nani alikuonea huruma? Tandika zulia, subiri mwaka, uza. Baba yako utamnunulia kwingine."

Hilo ndilo lililomwumiza Marloes: kwamba lilikuwa shauri zuri. Akinyamaza, anaweza kuuza na kumpa baba yake bustani nyingine. Akisema, atabaki na nyumba isiyo na bei, na mzee huenda akarudi darini. Alirudi nyumbani bila kuaga. Siku zilizofuata aliufuta ufa kwa chokaa kama wengine, akaining'iniza picha juu yake.

Alhamisi alimtembelea mama mjamzito mmoja. Mama huyo alikuwa amevaa sketi ndefu katika joto lile. Marloes alipoipandisha aliona miguu imevimba kama magogo.

"Tangu lini?"

"Niliona haya. Nilidhani utanipeleka hospitali, nisizalie nyumbani."

"Haya!" Marloes alifoka. "Haya ndiyo itakayokuzalisha? Mimi nitakusaidiaje kwa usichonionyesha?"

Alimpeleka hospitali, naye akapona. Lakini Marloes akirudi kwa baiskeli kando ya mfereji mkavu, maneno yake mwenyewe yalimfuata, yakimpita, yakimsubiri kila kona. Alipofika alimkuta Mzee Evert ameiteremsha ile picha.

"Nimebeba magunia miaka yote," mzee alisema. "Gunia lililotoboka unalionyesha kabla hujalitua kwa mwenzio. Kama ni darini, turudi darini."

Jumamosi ilikuwa ya mwanga laini, mtaa umependeza kama siku ile ya kwanza. Wachumba wawili walifika kuitazama nyumba ya Gijs. Msichana alikuwa na mimba changa. Alisimama chini ya miti, mdomo wazi, na Marloes akamtambua: ni yeye mwenyewe, aliyeshuka kwenye baiskeli bila kujua. Akaufungua mlango wa mbele wazi kabisa. Akalikunja zulia, akakiinua kifuniko, akawasha taa uvunguni.

"Karibuni kwangu kwanza," aliita. "Nyumba zetu ni mwili mmoja. Njooni muuone."

Walishuka, wakatazama, wakapanda. Msichana aliushika mkono wa Marloes kwa nguvu, kisha wakaondoka. Gijs alivuka bustani uso umemwiva.

"Umeniua! Umenizika nikiwa nimesimama!"

"Wewe ulipoinunua, nani alikuambia?"

Gijs aliketi ukingoni mwa njia, mtu mzima, akashika kichwa. "Hakuna aliyeniambia," alisema. "Niliichungulia nguzo mwenyewe. Nililia huko chini kama mtoto."

Ndipo mlango wa pili ukafunguka. Bi Dieuwke alitoka amebeba zulia lake la mlangoni, akalikung'uta hadharani, vumbi likapanda ndani ya mwanga wa kijani. Nyuma yake shimo la uvungu lilikuwa wazi.

Kwa miaka mingi manispaa ilikuwa ikijibu kwamba haijapokea lalamiko hata moja kutoka mtaa ule, na jibu lilikuwa la kweli. Sasa ilipokea sita kwa mpigo: watu wa safu nzima walisimama mbele ya meza yake, kila mmoja na kipande cha mbao iliyooza, wakavipanga mezani mpaka karani akakosa pa kuweka kalamu. Walirudishwa, wakaja tena. Msaada ulipatikana, nusu ukitoka huko, nusu kwenye jasho lao. Mafundi walishindilia mabomba ya chuma ardhini, na Mzee Evert, aliyehamia bustanini kwenye turubai, aliwasimamia kana kwamba yeye ndiye aliyewaajiri.

Safu ya ng'ambo ya mfereji iliyaona yote. Nguzo zao ni za mwaka uleule, mbao ileile. Walichofanya ni kununua mapazia. Kuta zao zilipoanza kulala, walitolewa kwa amri, nguo zikiwa kwenye mifuko, kuta zimeegemezwa magogo. Leo hii upande mmoja mtoto analia, mwingine anaitwa kula. Upande wa pili mbao zimepigiliwa madirishani, na miti inawanukia wote asali sawasawa.

Nawe je? Usiikunje karatasi hii ukaenda kunywa chai. Inuka. Kagonge mlango wa jirani yako sasa hivi, si kesho. Mwambie ulichokiona, mwonyeshe cha kwako, kisha mkawasimamie wakubwa mezani kwao mkiwa wengi na ushahidi mkononi. Haya haijawahi kubeba ukuta. Mficha uchi hazai.