Paa na Kifuu cha Siafu

Ngano yangu yabisha hodi!

Ipisheni, iingie, ikae!

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisalimiana kwa majina, Paa alikuwa na mtoto mmoja anayenyonya. Asubuhi moja mtoto akatoweka. Asiponyonya mpaka jioni, atakufa.

Nyani, aliyempenda mtoto yule kama mjukuu wake, akamkuta Kicheche karibu na nyumba ya Paa. Kicheche alikuwa mwizi wa mayai, kila mtu alimjua. Akaulizwa, akasema hajui mtoto aliko. Nani wa kumwamini? Wakamfunga ugwe. Nyani akateka siafu kwa kifuu cha nazi.

"Mwaga," akasema Paa, akafumba macho.

Siafu wakamuuma Kicheche puani. Akalia kwamba mtoto yuko kisimani. Paa akakimbia, akafika, hakuna mtoto.

Wakamwaga tena. Akalia kwamba yuko pangoni. Paa akakimbia, akafika, hakuna mtoto.

Mara ya tatu Paa akakishika kifuu mwenyewe, akamwaga. Kicheche akamtazama, pua imevimba kama kungumanga.

"Mama Paa, nitajie mahali unapopataka, nami nitasema yuko hapo."

Kifuu kikamponyoka Paa. Akapiga magoti, akaanza kumtoa siafu mmoja mmoja kwa midomo yake. Nyani akamkumbusha kwamba jua linashuka. Paa akajibu kwamba analiona.

"Ndugu yangu," akamwambia Kicheche, "unajua nini?"

"Sijui aliko. Ila ningenusa nyasi alizolalia, ningemfuata. Nilisema tangu asubuhi, mkaniambia naleta ujanja."

Nyani akamfungua ugwe. Akaenda mbio kuleta maji baridi, akaikanda ile pua. Wakangoja uvimbe upungue. Kungoja kule kulikuwa kurefu kuliko mbio zote.

Jua likigusa miti, Kicheche akanusa zile nyasi. Akachechemea mpaka kwenye shimo lililochimbwa na mhanga. Mtoto alikuwa ametumbukia humo, amelegea, lakini yu hai.

Mtoto aliposhiba maziwa akauliza mjomba Kicheche amepatwa na nini puani. Paa akamweleza yote, hakuficha.

Nyani akaguna. "Na kama angekuwa anajua, akatuficha?"

Paa akafikiri sana.

"Labda ningempata mwanangu mapema, babu. Lakini kifuu kingekuwa mkononi mwangu vilevile."

Wenzangu, anayeteswa husema la kumponya, si la kweli. Na uchungu wako, hata uwe mkubwa namna gani, haukupi ruhusa ya kumtesa mwenzio.

Ngano yangu naiweka chini hapa. Atakayeiokota, aibebe kwa mikono miwili.